Wimbi Lililopita Juu ya Milima

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Zambia, Iringa iko kilomita 500 hivi na Mbeya zaidi ya 800. Katikati hapo unaipita Uluguru, unapanda Kitonga kwa gia ndogo, unakata Mufindi na Makambako, na ukifika Mbeya mjini unakuta Loleza imesimama upande mmoja na safu ya Uporoto upande wa pili. Mimi ni fundi redio. Nimeifanya kazi hiyo katika nchi hii ya milima tangu ujana wangu, kwanza Iringa pale Miyomboni, kisha Mbeya pale Mwanjelwa. Swali nililoulizwa na wateja kuliko yote lilikuwa hili: fundi, mbona redio ya jirani inaikamata Dar es Salaam na ya kwangu inakoroma tu? Mara nyingi redio haikuwa na ubovu wowote. Jirani alikuwa ameigeuza swichi akaiweka kwenye masafa mafupi.

Historia ya redio nchini mwetu husimuliwa kutoka studio: nani alitangaza, nani alikuwa mkurugenzi, lini jina la kituo lilibadilishwa. Hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini msikilizaji naye ana historia yake: redio aliipata wapi, betri aliinunua kwa fedha gani, nani nyumbani aliruhusiwa kushika kitufe. Historia hiyo imepita juu ya meza yangu ikiwa imefunguliwa kwa bisibisi, na imenifundisha jambo moja ambalo nataka lisisahaulike. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, masafa mafupi yalikuwa huduma ya umma iliyotufikia kabla ya lami, kabla ya umeme na kabla ya simu. Ikaondolewa bila mtu kutuuliza.

Redio ya sufuria

Wengi hudhani redio ilitufikia ikitoka Dar es Salaam. Kwa watu wa Rungwe, Mbozi na Mbeya ilianza kuja kutoka kusini. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mtambo wake wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kuwahudumia watu wa mji ule. Lusaka ilikuwa imekwisha tangulia. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili, kituo cha huko kiliwatangazia Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini kwa lugha zao wenyewe, na baadaye kikawahudumia pia wa Rhodesia ya Kusini na Nyasaland.

Afisa habari wa serikali ya huko, Harry Franklin, aliona tatizo ambalo wenzake hawakulijali: matangazo yapo, lakini wanaotangaziwa hawana cha kusikilizia. Redio za wakati ule zilikuwa za bei ya walowezi na nyingi zilihitaji umeme. Akatafuta kampuni ya kutengeneza redio ya mtu wa kawaida, na Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Mwaka 1949 ikatoka redio ya duara, yenye umbo la aluminiamu lililopakwa rangi ya bluu, na ndani yake taa nne za redio (valvu). Sampuli ya kwanza ilifungwa ndani ya sufuria iliyoondolewa mpini, na jina la sufuria likabaki nayo. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za siku zile, na betri yake iliuzwa peke yake kwa pauni 1 na shilingi 5. Betri hiyo ilidumu saa 300 hivi. Kwa mtu anayesikiliza saa moja kila jioni, hiyo ni karibu miezi kumi.

Mpaka wa Tunduma haukuwazuia wanaume wa Unyakyusa kuvuka kwenda kutafuta kazi. Wengine walikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji. Wengine, akiwamo baba yangu, walikwenda kwenye shaba ya Copperbelt. Waliporudi walileta baiskeli, mablanketi, cherehani, gramafoni, na kwa waliojinyima zaidi, redio ya sufuria. Baba alikijua Kibemba kutoka mgodini, kwa hiyo Lusaka aliielewa. Mama na sisi watoto hatukuelewa neno, lakini tuliketi kando yake na majirani zetu, tukisubiri afasiri. Yeye ndiye aliyewasha na yeye ndiye aliyezima. Habari zikiisha, redio ilifungwa palepale, kwa sababu shilingi 25 za betri zilikuwa robo nzima ya bei ya redio yenyewe.

Ninaitaja bei kwa makusudi. Upatikanaji wa redio kwa mtu wa kawaida haukuamuliwa na mtambo peke yake. Mtambo ungeweza kuwa na nguvu kiasi chochote, lakini mkulima wa Tukuyu alisikiliza kwa kadiri ya betri yake. Kanuni hiyo haikubadilika tangu redio ya sufuria hadi ile ya mwisho niliyoitengeneza.

Kwa nini mawimbi haya yalifika

Vijana wananiuliza inawezekanaje sauti ya London ifike Makete wakati FM ya mjini inafia kwenye kilima cha kwanza. Jibu ni kwamba mawimbi hayasafiri kwa njia moja. Ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, na mlima ukikaa katikati yamekwisha. Ya masafa ya kati, wakati wa mchana, hutambaa juu ya ardhi, na ardhi yenye mabonde na miamba huyachosha mapema. Masafa mafupi hupanda juu. Kuanzia kilomita 100 hivi kutoka ardhini kuna tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, na tabaka hilo huyapinda mawimbi na kuyarudisha chini, mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Wimbi linaruka Uluguru, linaruka Udzungwa, linaushukia uwanja wako kutoka juu. Bonde halina la kulizuia.

Masafa hayo yana tabia zake, na msikilizaji mzuri alizijua hata kama hakusoma fizikia. Mchana alikwenda kwenye namba kubwa, usiku akashuka kwenye ndogo. Radio Tanzania ilitangaza kwenye kilohezi 5050. Gawanya 300,000 kwa 5,050 utapata mita 59 na kitu, na ndiyo maana watangazaji walitaja mita bendi ya 60. Bendi hiyo ilitengwa kwa nchi za joto, kwa kuwa radi zetu huyatia masafa ya kati mikwaruzo isiyovumilika. Jua likianza kuelekea Ziwa Rukwa, sauti ya Dar es Salaam ilianza kusafika, na kufikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa wazi. Rungwe na Kyela, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, radi zilitusumbua hata hapo. Iringa, yenye kiangazi kirefu na kikavu, ilisikia vizuri zaidi. Nimekaa kote kuwili na nilisikia tofauti hiyo kwa masikio yangu.

Antena nzuri haikununuliwa. Nilimwambia mteja atafute waya wa shaba wa mita kumi au zaidi, afunge ncha moja kwenye mwanzi mrefu mbali na nyumba, na nyingine kwenye fimbo ya redio. Mianzi ya Iringa na Njombe watu huijua kwa ulanzi. Katika miaka ile ilibeba pia nyaya za redio, na ukipita vijijini ungeweza kujua nyumba yenye msikilizaji wa kweli kwa kuangalia mwanzi uliosimama peke yake uani.

Transista, leseni na jua la kuanikia betri

Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista ikaingia madukani huko mwaka 1954. Hapa kwetu mabadiliko yalionekana miaka ya 1960. Redio ya taa ilihitaji betri kubwa ya volti nyingi, lakini ya transista ilitosheka na betri nne za tochi kwa wiki nyingi. Baada ya uhuru Philips iliunganisha redio Arusha, na Matsushita ya Japani ikawa na kiwanda Dar es Salaam, cha redio na betri za National. Redio za mbao za bendi mbili au tatu zikaanza kuonekana kwenye nyumba za walimu, makarani, wenye mashine za kusaga, na wakulima wa kahawa wa Mbozi msimu ukiwa mzuri. Mwenye redio alitakiwa kuikatia leseni, na wapo walioificha chini ya kitanda waliposikia mkaguzi yuko kijijini.

Wakati huo ndio nilipoingia kwenye ufundi. Aliyenifundisha kule Miyomboni alikuwa mzee wa Kihehe, mpole na mwenye msimamo. Kila asubuhi aliniamkia "Kamwene", na kila redio alianza kuichunguza kwenye betri. Alisema sehemu kubwa ya ubovu inaingia kwa mlango huo. Ni kweli. Betri iliyosahaulika ndani hutoa maji, maji hayo hula springi na nyaya, na mwenye redio anadhani imekufa. Ukiondoa ubovu huo, nilikutana na uzi wa kuvuta mshale uliokatika, nikaweka mshipi wa kuvulia samaki. Nilikutana na spika iliyotobolewa na panya, nikaziba kwa karatasi laini na gundi. Nilikutana na swichi ya bendi iliyojaa moshi wa jikoni, nikaisafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu. Hii ndiyo iliyowapoteza watu wengi. Swichi ikiwa chafu, masafa mafupi yalikuwa ya kwanza kunyamaza, na mtu akabaki na kituo kimoja asijue amepoteza dunia nzima.

Betri ilikwisha kabla ya fedha kupatikana, kwa hiyo kila nyumba ilijifunza kuianika juani. Betri iliyopata joto la mchana iliamka kidogo, ikatosha kwa taarifa ya habari. Kwenye mabati ya Mafinga na Njombe ungeziona zimepangwa kandokando ya mahindi.

Na palikuwa na suala la nani anasikiliza. Redio nyingi nilizopokea zililetwa na wanaume, na wengi wao waliifungia kabatini walipotoka. Kina mama walisikia kwa kupitia dirishani, mikono ikiwa kwenye kazi nyingine. Lakini siku ya Mama na Mwana, kipindi cha Deborah Mwenda, nilijua nyumba nyingi ambako kabati lilifunguliwa. Wanawake waliokuwa na fedha zao, za pombe, za chai au za mshahara wa uuguzi, walikuja kununua redio zao wenyewe, na hao ndio waliouliza maswali mazuri zaidi kuhusu bendi.

Dunia ilipotugombania

Miaka ya kati ya 1954 na 1965 ina jambo la ajabu. Sauti ya Cairo ilianza Kiswahili mwaka 1954, ikiwachoma wakoloni bila kificho, na miongoni mwa waliosikika humo alikuwa Mzanzibari Ahmed Rashad Ali. BBC ikaanza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Peking ikaanza Septemba 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Moscow nayo ilikuwemo. Nyumbani, Sauti ya Dar es Salaam iligeuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali.

Wakubwa hao walikuwa na sababu zao: vita baridi, ukombozi wa Afrika, kugombea nani atapata urafiki wa nchi changa. Lakini matokeo yake kwetu ni kwamba mkulima asiye na gazeti, kijijini kusikofika basi, aliweza kusikia jambo moja likisimuliwa kutoka Cairo, London, Peking na Dar es Salaam katika jioni moja, kwa lugha yake, bila kulipia zaidi ya betri. Aliweza kulinganisha. Wazee niliowatengenezea redio walikuwa mabingwa wa kulinganisha. Walijua London itaanza na nini, Peking itamlaumu nani, na Dar es Salaam itanyamazia lipi. Hakuna shule iliyowafundisha hayo.

Sisi wa kusini tulikuwa mstari wa mbele wa habari hizo. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu kwa malori, kwenye barabara ya vumbi na matope. Kisha likaja bomba la mafuta mwaka 1968, ikaja lami, ikaja reli. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, na Makambako hadi Tunduma kukawa na kambi za Wachina. Madereva na mafundi wa reli walikuwa wateja wakubwa wa redio. Dereva aliyelala Tunduma alitafuta Lusaka kwanza, na Lusaka aliijua kabla mtangazaji hajasema neno, kwa mlio wa ndege furukombe uliotangulia matangazo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na ngoma za Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake. Zikianza kulia kabla ya habari, hata vilabu vya ulanzi vilipunguza kelele.

Katika mawimbi hayohayo Radio Tanzania iliwapa nafasi wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walizungumza na watu wao kutoka Dar es Salaam, kwa Kireno, Kiingereza na lugha za kwao. Usiku ukizungusha mshale ulikutana nao. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa na mitambo yake mikubwa pale Bloemendal, nayo ilirusha maneno yake kuja huku. Vita ya ukombozi ilipiganwa pia hewani, na mkulima wa Ismani aliisikia pande zote mbili.

Redio ya kijiji

Mwaka 1973 serikali iliitumia redio kwa namna ambayo bado inanipa fahari. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, vitabu vikasambazwa, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai.

Kwa fundi, hiyo ilikuwa kazi ya usiku na mchana. Kikundi hakikuweza kukutana bila redio inayosikika, na redio ya kikundi ilisikilizwa na watu wengi, kwa sauti ya juu, ambayo inakula betri. Nilitumwa vijijini na begi la vifaa, jiko la mkaa la kupashia chuma cha kuchomea risasi, na nyaya. Mahali pengi niliona redio moja, iliyowekwa juu ya meza chini ya mti, ikifanya kazi ya shule nzima. Ndipo nilipoelewa kwamba idadi ya redio haikuambii idadi ya wasikilizaji. Redio moja ya kijiji cha Mufindi iliwafikia watu wengi kuliko redio ishirini za mjini.

Miaka ya uhaba

Mambo yakageuka. Baada ya vita ya Kagera, ambayo watu waliisikia ikitangazwa na Mwalimu Nyerere redioni Novemba 1978, nchi ikakosa fedha za kigeni. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, betri zikaadimika. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wenye maduka walitupa au kuficha hata bidhaa halali, na betri zikatoweka kabisa. Zilizopatikana zilivuka Tunduma usiku, kwa bei ambayo mwalimu hakuiweza. Nilijifunza kuunganisha redio kwenye betri chakavu za magari, na nilijifunza kuvunja redio tatu zilizokufa ili moja ipone.

Jioni ya tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu alipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine katika ajali ya gari kule Morogoro, nilikuwa Mbeya. Watu walitoa betri kwenye tochi zao, wakazipeleka kwenye nyumba yenye redio, ili wote wasikie. Walirudi makwao gizani. Sijui namna bora ya kueleza redio ilikuwa na thamani gani kwetu.

Mwaka huohuo serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na redio kaseti zikamiminika. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa Tanzania katika msimu wao wa kwanza wa ligi, Rungwe nzima iliufuata ubingwa ule kwa sikio. Mpira wa miguu, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, uliuza redio kuliko tangazo lolote la biashara.

Na Mwalimu alipokuwa amelazwa London, Septemba na Oktoba 1999, wazee walirudi kwenye BBC kama walivyofanya miaka ya 1960. Idhaa hiyo ya Kiswahili ilipata kuongozwa na Tido Mhando, sauti waliyoijua tangu Radio Tanzania. Walitaka kusikia kutoka mji uleule alimolala.

Kunyamaza

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Leo Iringa ina Ebony FM, Mbeya ina Bomba FM, Tukuyu ina Chai FM na Makete ina Kitulo FM. Naviheshimu vituo hivi. Vinazungumza juu ya bei ya viazi, barabara ya kata na mgonjwa wa jirani, mambo ambayo London haikuweza kuyajua. Sauti yake ni safi. Kijana aliyekulia kwenye FM hawezi kuvumilia sauti inayokuja na kuondoka kama mawimbi ya ziwa, na simlaumu.

Lakini tulipokuwa tunavifurahia, upande wa pili ulikuwa unazimwa. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba itaacha kutangaza Kiswahili kwa masafa mafupi, kwa sababu ya kubanwa bajeti. Machi 2014 kituo chake cha kurushia matangazo kisiwani Mahé, Ushelisheli, kilichofanya kazi tangu 1988, kikafungwa. Machi 2015 Deutsche Welle ikafunga kituo chake cha Kigali, kilichokuwa na mitambo minne ya kilowati 250 na kilichotuhudumia tangu 1965. Mita bendi ya 60 ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kunyamaza. Zanzibar, kwenye kilohezi 11735, iliendelea kusikika miaka mingi baada ya wengine, na wazee wa Mwanjelwa waling'ang'ania hapo.

Sababu iliyotolewa kila mara ni kwamba wasikilizaji wamehamia FM na simu. Kwa mjini ni kweli. Lakini simu ya habari inahitaji mnara, chaji na bando. Mwenye bando dogo hasikilizi taarifa ya nusu saa kutoka Bonn. Anasoma kichwa cha habari na kusambaza. FM inahitaji kilima kilichokaa vizuri, na mabonde ya Ludewa, vitongoji vya Kilolo na miteremko ya Kipengere inayoelekea Ziwa Nyasa haikukaa vizuri. Aliyepoteza zaidi ni yule ambaye redio ya sufuria ilitengenezwa kwa ajili yake.

Tena kuna jambo la usalama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizoko chini ya bahari zilikatika, na Tanzania yote ikayumba: benki, ofisi na simu. Redio ya kawaida iliendelea kufanya kazi. Siku ambayo mafuriko yataangusha minara na umeme kwa pamoja, tutahitaji njia isiyotegemea mnara wowote mkoani. Njia hiyo tunaijua na tuliitumia kwa zaidi ya nusu karne. Mtambo mmoja wa masafa mafupi uliowekwa katikati ya nchi, Dodoma kwa mfano, ukirusha mawimbi yake juu, usiku mmoja unaweza kufika Tunduma, Ludewa, Kigoma na Mtwara kwa pamoja.

Siombi turudi miaka ya 1960. Naomba hesabu mbili zifanyike. Ya kwanza ni ya kumbukumbu: wazee waliosikiliza wanatutoka kila mwaka, na vyuo vikuu vyetu vya Mbeya na Iringa vina wanafunzi wanaoweza kwenda kuwahoji na kuzikusanya redio zilizobaki. Wakizikuta, kwanza watoe betri zilizomo. Ya pili ni ya fedha: mtambo mmoja wa taifa wa masafa mafupi utagharimu kiasi gani kuujenga na kuuendesha, na kukiwekea kila kijiji redio moja ya bendi hizo kwa ajili ya dharura kutagharimu kiasi gani. Hilo ni swali la kuulizwa Bungeni wakati wa bajeti ya wizara inayoshughulikia habari, na wabunge wa Makete, Ludewa, Kilolo na Rungwe ndio wenye wajibu wa kwanza wa kulisimamia.